Mizani na mikoko yetu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii moyo haujatulia kabisa, tangu tuitwe kikao tukaonyeshwa hesabu ya mradi wa kukata mikoko pale horini, boriti ngapi, vijana wangapi watapata kazi, pesa itaingia kiasi gani. Imechapwa vizuri tu kwa kompyuta, lakini upande wa hasara hakuna kitu. Nikasema, Suratul Mutaffifin hii hapa.

Tuliihifadhi chuoni, ole wao wapunjao, na sote tukadhani ni muuza sukari. Kumbe Ar-Rahman inataja miti inayomsujudia Mola, na papo hapo inakuja mizani, msipunje. Wallahi nenda maji ya bamvua yakitoka, inama kwenye mizizi ya mkoko, utaona kamba hawafiki ukucha, vitoto vya chewa na changu wamejibanza, na hao ndio wakikua mvuvi anawakuta huko nje. Ukikata, boriti inaandikwa pato, chewa haandikwi popote, halafu mwaka wa tatu tunalia bahari imekauka. Si kupunja huko? Tena unampunja mjukuu wako, hajazaliwa hata akubishie bei.

Wataalamu nao wamefika hapo hapo. Mwaka 2021 mchumi Profesa Partha Dasgupta aliandika ripoti aliyoagizwa na wizara ya fedha ya Uingereza, anasema nchi zinajihesabia pato la mwaka bila kutoa mali ya asili iliyoliwa. Na kule Gazi, Kwale, Kenya, tangu 2013 wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa kuilinda miti inayovuta hewa chafu ya kaboni na kuihifadhi, hekta kama 117, pesa inaenda kwenye maji na skuli. Mashallah, ila tuwe macho, anayelipa kaboni amelipia hewa tu, kaa na kamba hajawalipia, na bei si ruhusa ya kukata.

Sasa nasema na sisi wenyewe, maana mwekezaji ni rahisi kumlaumu. Wewe unayekokota chandarua humo mizizini, unazoa vitoto vya samaki ndoo nzima unauza bei ya dagaa, na swafu ya mbele Ijumaa hukosi! Ukiniambia ni njaa, njoo, sadaka ya msikiti ndiyo kazi yake na hatutakuuliza maswali. Ila usiniambie ni halali eti bahari haina mwenyewe.