Skrini pana ilivyokaa sawa mezani kwangu

Nilipounganisha skrini mpya ya inchi 34 iliyopinda, herufi zilitanuka na kishale kikawa kinarukaruka. Nilidhani ni mbovu, nikakaribia kuirudisha dukani. Kumbe waya wa HDMI nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), si la kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za skrini! Nikanunua waya wa DisplayPort, aina nyingine ya waya wa skrini, nikauchomeka kwenye kadi, kisha kwenye mipangilio ya Windows nikachagua pikseli 3440 kwa 1440 na hezi 100, yaani picha inajichora upya mara 100 kwa sekunde. Herufi zikatulia papo hapo.

Halafu nikaweka PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, nikawasha FancyZones, zana yake inayogawa skrini katika sehemu. Unashika Shift huku ukiburuta dirisha, nalo linakaa kwenye sehemu yake. Dirisha la hesabu nimeliweka katikati, barua pepe kushoto. Shingo haiumi tena.