Z/28 au Boss 302: nilivyomkagulia mzee magari mawili ya 1969

Gereji ninayofanyia kazi hapa Ohio ina mteja mmoja, mzee mstaafu, anayekusanya magari ya nguvu ya Kimarekani ya zamani. Mwaka jana alibaki njia panda: anunue Chevrolet Camaro Z/28 au Ford Mustang Boss 302, zote za 1969. Nikatumwa mimi nikayakague.

Ukisoma sifa zao utadhani ni mapacha. Yote mawili yaliundwa kwa ajili ya Trans-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, ambayo injini haikuruhusiwa kuzidi lita 5, na kiwanda kilitakiwa kuliuzia umma gari la aina hiyo hiyo. Ndiyo maana kila moja lina injini ya inchi za ujazo 302, gia nne za mkono, na nguvu za farasi 290 walizotangaza (mafundi hucheka wakisikia hiyo 290, maana nguvu halisi ilikuwa zaidi). Camaro ilibeba ubingwa 1968 na 1969, Mustang ikaupora 1970.

Kwa hiyo habari ya mbio niliiweka kando. Mkusanyaji anataka kujua kitu kimoja: hili ni lenyewe, au ni gari la kawaida lililopakwa mistari?

Mustang haikunisumbua. Unachungulia namba ya chesisi kwenye kioo cha mbele, inaanza na 9F02G. 9 ni mwaka, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni umbo la bodi, na G ndiyo injini ya Boss yenyewe. Juu ya hapo, kumbukumbu za Ford za miaka ile zipo. Unamlipa Kevin Marti, mwenye leseni ya kuzitumia, naye anakupa ripoti ya gari lako hadi rangi lililotoka nayo.

Camaro sasa. Namba yake inakwambia ni V8, basi, Z/28 haimo. Nikainama na tochi mbele ya silinda hedi ya kulia, nikafuta grisi kwa kitambaa. Herufi DZ, alama ya injini ya Z/28, zilikuwepo, tena safi mno. Nilikuwa natafuta mikwaruzo myembamba iliyonyooka ambayo mashine ya kiwandani huiacha pale kwenye chuma. Hakuna. Pamesagwa, pamegongwa upya. Muuzaji akasema injini ilifanyiwa ukarabati, na inawezekana, maana bloku ikisawazishwa juu namba nazo huondoka. Ila karatasi za zamani za kulithibitisha hilo gari hakuwa nazo hata moja.

Mzee akachukua Mustang. Z/28 za mwaka ule zilitoka 20,302, Boss 302 zilitoka 1,628 tu, kwa hiyo bei haikuwa ya huruma. Kilichonituliza ni risiti za pistoni mpya, kwani zile za kiwandani za Boss zilikuwa na ugonjwa wa kupasuka sketi, yaani sehemu ya chini ya pistoni. Vali zake hazijirekebishi zenyewe, hivyo huniletea mara kwa mara nizipime, na hakubali fundi mwingine aziguse.