Kwa treni hadi Cork, nikiifuata kesi ya Josie Airey

Asubuhi ya manyunyu niliingia Four Courts, jengo ambalo jina lake lina maana ya Mahakama Nne, na ambalo limekaa ukingoni mwa Mto Liffey jijini Dublin, mji mkuu wa Ireland, tangu enzi za utawala wa Uingereza. Kuba lake la shaba iliyogeuka kijani huonekana kutoka mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1922 jengo hilo liliungua, na hifadhi ya nyaraka iliyokuwa kando yake ikateketea pamoja na kumbukumbu za karne nyingi. Lilijengwa upya, na Mahakama Kuu pamoja na Mahakama ya Juu za nchi iliyojitawala zikaendelea kuketi humo. Katiba ya mwaka 1937 inaagiza kwamba haki itolewe hadharani, kwa hiyo mgeni kama mimi aliweza kusimama chini ya kuba, katika ukumbi wa duara, akiwatazama mawakili wakipita na majalada kwapani.

Katika jengo hili Mary McGee, mama wa watoto wanne aliyeambiwa na daktari kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua, alidai haki yake baada ya maofisa wa forodha kuzuia dawa ya kupanga uzazi aliyoagiza kutoka Uingereza. Desemba 1973 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mume na mke wana faragha ambayo dola haipaswi kuiingilia. Miaka miwili baadaye Máirín de Búrca na Mary Anderson waliishinda sheria ya mwaka 1927 ambayo, kwa namna ilivyotungwa, iliwaacha karibu wanawake wote nje ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia.

Hata hivyo, mtu niliyekuja kumfuatilia hakuwahi kusikilizwa humo. Mimi ni msaidizi wa kisheria huko Tanga, na kila wiki huketi na akina mama ambao haki wanayo, ila nauli na ada ya wakili hawana. Nilipoisoma mara ya kwanza kesi ya Josie Airey, mwanamke wa Cork aliyetaka kutengana kisheria na mume wake bila kuwa na fedha za wakili, niliona kama jalada limetoka mezani kwangu.

Kutoka Four Courts nilifuata mto kwa miguu, nikalipita jengo la mviringo linalosikiliza kesi za jinai, hadi stesheni ya Heuston. Treni ya Cork huchukua muda wa saa mbili na nusu hivi, ikipita katikati ya malisho ya ng'ombe yasiyokwisha, na muda wote huo nilikuwa na hukumu ya kesi ya Airey mapajani.

Mume wa Airey alikuwa ametiwa hatiani mwaka 1972 kwa kumpiga, na mwaka huohuo akaondoka nyumbani. Talaka ilikuwa imekatazwa na Katiba, katazo lililokuja kuondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995. Kilichobaki kilikuwa kutengana kisheria, jambo ambalo Mahakama Kuu peke yake ndiyo iliyoweza kuliamuru, na hapakuwa na msaada wa kisheria kwa kesi za aina hiyo. Gharama ya kesi yenye upinzani ilikadiriwa kuwa kati ya pauni 800 na 1,200, ilhali mwishoni mwa mwaka 1978 mshahara wake ulikuwa karibu pauni 40 kwa wiki. Nilipiga hesabu pembeni mwa karatasi: hata asingekula wala kulipa kodi ya nyumba, angehitaji wiki 20 hadi 30 za kazi.

Airey alipoipeleka nchi yake kwenye mahakama ya Ulaya, serikali ya Ireland ilijitetea kwamba mlango ulikuwa wazi, kwamba angeweza kwenda mahakamani mwenyewe bila wakili. Mistari inayojibu hoja hiyo niliisoma mara tatu. Tangu Januari 1972 hadi Desemba 1978 zilifunguliwa kesi 255 za kutengana, na katika zote, bila kubakisha hata moja, mlalamikaji alikuwa na wakili. Tarehe 9 Oktoba 1979, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg ilisema kwamba haki inayolindwa lazima iwe ya vitendo na yenye nguvu, isiwe ya nadharia tu. Wakili wake alikuwa Mary Robinson, aliyekuja kuchaguliwa Rais wa Ireland mwaka 1990. Mwaka 1980 mpango wa msaada wa kisheria katika kesi za madai ulianza, na katika muongo huohuo mahakama za ngazi ya chini zikapewa mamlaka ya kuamuru kutengana.

Jioni nilivuka Mto Lee na kufika kwenye mahakama ya Mtaa wa Washington, yenye nguzo ndefu za mawe mbele yake. Milango ilikuwa imeshafungwa. Nilisimama kwenye ngazi mpaka taa za barabarani zikawaka, kisha nikarudi stesheni kuiwahi treni ya Dublin.