Nilivyoacha kurudia ramani bure

Mwaka mzima nilichora ramani za nyumba kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nikiwa kwangu Nyegezi, Mwanza, na karibu kila kazi niliirudia bure. Mteja alinitumia vipimo vya kiwanja kwa WhatsApp, nami nikachora kana kwamba ardhi ni tambarare. Mwanza hii ya mawe! Fundi akifika anakuta mwamba na mteremko, msingi haukai.

Sasa sifungui kompyuta kabla ya kufika kiwanjani. Napima levo, yaani ardhi inavyopanda na kushuka, kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kila mita 2, naweka alama kila penye jiwe kubwa, kisha nachora kwanza mkato wa ardhi, yaani mteremko ukitazamwa kwa ubavu. Safari hiyo inalipiwa, na nusu ya malipo hutangulia. Faili la DWG, lile la AutoCAD linaloweza kubadilishwa, natoa nikishamaliziwa malipo. Kabla ya hapo mteja anaona PDF tu.