Usiku wa saa nane nani anapokea simu? Namna nilivyojifunza kuwapima watu wa tiba shufaa

Mwezi wa sita Tukuyu baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kwa mtu ambaye saratani imeshamla akabaki mifupa mitupu hiyo baridi ni mateso mengine juu ya mateso. Usiku wa kwanza mama mkubwa kulala mpaka asubuhi ulikuwa usiku wa mwezi wa sita. Mimi sikulala kabisa, nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda namwangalia anavyopumua, maana ilikuwa imepita kama miezi miwili hajapata usingizi wa saa moja mfululizo na nilikuwa naogopa kwamba kulala kule ndo kuondoka kwenyewe. Asubuhi akafungua macho akaomba uji.

Naandika haya kwa sababu ndani ya mwezi huu watu watatu wameniandikia meseji swali lilelile, mmoja yuko Makambako anamuuguza baba yake, wanauliza hivi hawa watu wa tiba shufaa nitajuaje kama ni wazuri au wanakuja tu kusaini daftari na kuondoka. Jibu langu haliingii kwenye meseji.

Kwa asiyejua, tiba shufaa sio ya kuponya. Ni kushughulikia maumivu, kidonda, kichefuchefu, usingizi, hofu, na nyie mnaouguza pia. Wenzetu wana majengo kabisa yanaitwa hospisi, lile la St Christopher's pale London lilifunguliwa 1967 na Cicely Saunders, ambaye alikuwa nesi kabla hajawa daktari, na yeye ndo alisema maumivu ya mgonjwa sio ya mwili peke yake, kuna ya moyo, ya familia na ya imani, yote yanauma kwa pamoja. Sisi huku mara nyingi usitegemee jengo. Ni nesi mmoja au wawili na begi, wamepanda boda, wanakufuata kijijini kwenye migomba. Kwa hiyo ukitaka kuwapima usitafute geti zuri wala sare, hivyo havikwambii kitu.

Mama mkubwa ilikuwa titi. Alificha uvimbe kama mwaka mzima, akaanzia kwa mganga, akaja kusema wakati kidonda kimeshafunguka. Tukampeleka Mbeya kwenye hospitali ya rufaa, tukaandikiwa Ocean Road (hospitali ya saratani ya Dar), basi mpaka Dar zaidi ya kilomita 800 na mgonjwa amejiegemeza begani kwangu njia nzima, akapata mionzi, na baadae madaktari wakatukalisha wakasema mpelekeni nyumbani kwake akae na watu wake. Tukarudi Tukuyu. Dada (mwanae wa kwanza) akaacha biashara yake ya parachichi akahamia kwa mama yake, mimi nikawa natoka Uyole kila ijumaa.

Timu ya kwanza tuliyopata siitaji, na wala hawakuwa watu wabaya, hilo nataka lieleweke. Walikuwa wapole, walisali na sisi, walileta sukari na sabuni. Walikuwa wanakuja jumatano. Wanaingia, "mama hujambo?", na yeye anajibu "sijambo wanangu", wanauliza "unaendeleaje?", anajibu "naendelea vizuri, namshukuru Mungu", wanaandika kwenye daftari anaendelea vizuri. Sasa jamani, mama wa kinyakyusa wa miaka 70 aliyefundishwa toka utotoni kwamba mgeni haambiwi shida mlangoni, atajibu nini kingine? Salamu yetu yenyewe imeshampa jibu mdomoni! Wakitoka tu anageukia ukutani anauma kanga. Dawa waliyotuachia ilikuwa panado, ya saratani iliyofika kwenye mfupa. Na bandeji waliibandua ikiwa kavu, imegandana na nyama, mama mkubwa hakulia ila alishika ubao wa kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe.

Usiku mmoja saa nane maumivu yalipanda nikapiga ile namba waliyotuachia. Ikaita ikakatika. Nikapiga mara sita. Jumatano walipokuja dada akawauliza, wakasema kwa upole tu kwamba usiku simu inazimwa, tukizidiwa tumkimbize hospitali. Usiku wa saa nane, mvua, barabara ya tope, mgonjwa ambaye ukimgusa bega analia. Tumkimbize na nini?

Kuna mama wa kanisani alitwambia habari za timu nyingine, anakuja nesi tuliyekuwa tunamwita sista. Huyo sista alivyokuja mara ya kwanza nilimwona tofauti kabla hata hajafungua begi. Alisalimia, akajibiwa sijambo, akanyamaza kidogo, alafu akavuta kigoda akakaa chini ya usawa wa macho ya mama mkubwa, akanyanyua mkono wake mwenyewe. Akasema mama, ngumi hii maana yake hakuna maumivu kabisa, kidole kimoja yapo kidogo, vidole vitano ni yale ambayo huwezi kuyavumilia, nionyeshe ya leo. Mama mkubwa akatuangalia sisi, akaangalia mlango, alafu akatoa vidole vitano. Dada alitoka nje akalia. Miezi miwili tunalala naye chumba kimoja na hatukuwahi kuviona hivyo vidole.

Baadae nikaja kujua kwamba ile sio akili yake tu, ni kipimo kabisa, kimetengenezwa na chama cha tiba shufaa cha Afrika (APCA, kilichoanzishwa 2004), kina maswali kumi, saba anaulizwa mgonjwa na matatu mnaulizwa nyie mnaouguza. Hayaishii kwenye maumivu. Anaulizwa kama ana wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha bado yana maana, kama ana amani. Nyie mnaulizwa mmepewa maelezo ya kutosha au la, mnajiamini kiasi gani kumhudumia. Kwa hiyo cha kwanza kabisa nachomwambia mtu: angalia wanauliza nini, na ziara inayofuata angalia kama wanauliza tena kile kile na kulinganisha na majibu ya wiki iliyopita. Kuuliza mara moja haitoshi. Yule sista alikuwa anaandika namba, tano, alafu tatu, alafu moja, na ikipanda tena anataka kujua imepanda kwa nini.

Cha pili ni mofini, ile dawa kali ya maumivu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye shida. Waulize moja kwa moja, mofini ya kunywa mnayo? Nani anaiandika? Huyo dokta akisafiri nani anaandika badala yake? Ikiisha jumamosi inakuwaje? Uganda toka 2004 manesi waliosomea hii kazi wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe, yaani wenzetu waliona kwamba kumsubiri daktari mmoja ni kuwaacha watu wanalia vijijini. Timu ambayo inababaika kwenye haya maswali, hata iwe na roho nzuri vipi, mgonjwa wako ataumia.

Najua watu wanaiogopa. Mjomba alisema mkimpa hiyo mmeshamuua, mwingine akasema atakuwa teja. Sista hakumkatisha mtu. Alikaa na ukoo mzima sebuleni akaeleza kwamba mofini ikipimwa vizuri na kupanda taratibu kulingana na maumivu haiui, na mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu sio sawa na mtu anayetafuta kulewa. Akasema siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, msiogope, mwili unalipa deni la usingizi (na ndivyo ilivyokuwa). Akasema itamfungia choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyo hiyo, sio mpaka afunge ndo tuhangaike. Hili lishike sana: mtu anayekupa mofini bila kutaja choo hajui kazi yake.

Alafu akachukua karatasi akamwandikia dada masaa, saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi inakuwa mara mbili ili apite usiku mzima bila kuamshwa. Akasisitiza dawa inafuata saa, haifuati kilio, maana mkisubiri alie mmeshachelewa. Akampa bomba la sindano lisilo na sindano, akamwambia vuta nione, dada akavuta ikazidi, akamwambia rudisha, vuta tena, mpaka mara ya tatu ikawa sawa kwenye mstari. Hakuondoka mpaka dada ameweza. Dozi za wengine sitaki kuziandika hapa, kila mgonjwa anapimiwa yake na mtaalamu.

Na kidonda. Alichemsha maji na chumvi kwenye sufuria yetu, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akanawa, akavaa glavu, alafu akawa anailowesha ile bandeji kidogo kidogo bila kuivuta. Alikaa kama robo saa analowesha tu huku anampigisha story za migomba. Ilitoka yenyewe. Harufu ilikuwa kali, nawaambia ukweli, tulikuwa tumefika hatua wajukuu hawaingii chumbani na mama mkubwa alikuwa anajua ni kwa nini. Sista akasaga vidonge vya metronidazo (dawa ya kuua bakteria) kati ya vijiko viwili mpaka vikawa unga laini, akanyunyiza juu ya kidonda, akafunika kwa kitambaa safi alichokata kwenye kanga kuukuu tuliyoifua na kuipiga pasi. Baada ya siku chache harufu ilipungua kweli. Mjukuu mdogo akapanda kitandani kwa bibi yake. Mama mkubwa akamwambia sista "ndaga fijo", yaani asante sana kwa kinyakyusa, na alivyolisema lile neno mimi nilielewa hakuwa anashukuru dawa.

Ile simu ya usiku sasa. Ilikuwa kama wiki ya tatu, saa nane na kitu, maumivu yakapanda ghafla, nikampigia sista nikiwa sina imani. Ikaita mara mbili akapokea, sauti ya usingizi. Akauliza ametoa vidole vingapi, dozi ya mwisho saa ngapi, anapumuaje, anajibu ukimwita? Akaniambia kiasi cha kuongeza, akasema usikate simu. Tukakaa kama nusu saa wote wawili kimya, mara nyingine namsikia anapiga miayo, mpaka vidole vya mama mkubwa vikabaki viwili. Kwa hiyo usiulize tu kama wana namba ya usiku, ipigeni usiku mmoja kabla hamjaihitaji muone inapokelewa au haipokelewi. Sio kuwasumbua, mgonjwa wako yuko mikononi mwao.

Kuhusu hela sina mengi, waseme mapema nini mnalipia, dawa au boda au vyote, na gharama zisibadilike kila ziara.

Kingine ambacho sikukitegemea ni ukweli. Sisi tulikuwa tumekubaliana mama mkubwa asiambiwe hali yake. Sista hakutubishia ila alisema mimi simdanganyi mtu akiniuliza. Siku moja akamuuliza mama, ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako? Mama mkubwa akacheka kidogo, akasema mwanangu mimi najua nakufa, wanaojificha ni hawa. Kuanzia hapo akaongea. Akasema shamba la juu liende kwa nani, akasema anataka kuzikwa karibu na mama yake na sio kule walikopanga wanaume, akamwita shemeji yake waliyekuwa hawasemeshani miaka mingi. Timu inayokwepa hayo mazungumzo kwa kuleta maombi haraka haraka inawanyang'anya kitu, na mimi ni mtu wa maombi nasema hivi.

Alifariki mwezi wa nane, alfajiri, ngumi imekunjwa juu ya blanketi.

Wiki moja baada ya kuzika tukasikia boda nje. Sista amekuja. Alichukua chupa ya mofini iliyobaki, akaipima mbele yetu, akaandika kwenye daftari lake kiasi kilichobaki, dada akasaini. Nilidhani ndo basi. Akafunga begi, alafu akamgeukia dada akamuuliza, na wewe, unalala? Dada hakujibu. Akanyanyua mkono, vidole vinne. Sista akaweka begi chini, akavuta kile kigoda, akakaa.