Siku moja chumba cha picha, Unguja: kazi ya kuwaambia watu "subiri"

Kazi ya nyaraka ukiitazama kwa nje ni ya kukaa tu. Jirani hukuuliza, "Kwani leo mmehifadhi nini?" kama vile picha ni nazi, ukishazipanga ghalani umemaliza. Hii hapa siku ya kawaida, wakati wa masika.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya chai, kipima unyevu. Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinataka chumba cha picha kikae kati ya asilimia 30 na 50. Hapa masika nje inapita 80, na sisi tukiona 55 ndani tunashukuru Mungu. Mpaka wenyewe wa hatari ni 65. Ukiuvuka na kukaa huko siku chache, koga (kuvu) inaota, na koga ya picha haiishii kwenye karatasi: inakula jelatini, yaani ule utando ulioshika sura ya mtu.

Leo ni 61. Jana jioni ilikuwa 54. Umeme ulikatika usiku, mashine ya kuvuta unyevu ikalala.

Mtu asiyejua hapo hukimbilia madirisha, "hewa iingie". Usifungue. Kuta, rafu na maboksi bado yana ubaridi wa nyuzi 22 au 23. Nje kukiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hewa hiyo inaacha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Dirisha moja wazi, na boksi zima la picha linatoka jasho. Mlango unabaki umefungwa mpaka umeme urudi, au mpaka chumba chenyewe kipate joto sawa na la nje. Hapo ndipo feni na dirisha vinasaidia.

Unguja imewahi kukaa miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Kwa hiyo chumba cha picha hapa lazima kipangwe kana kwamba mashine haipo: picha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya boksi, boksi ndani ya kabati, kabati lisiguse ukuta wa nje, na rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Kila tabaka linapunguza kasi ya unyevu. Mashine ni nyongeza.

Saa 2:00

Mitego ya gundi chini ya rafu: mende wawili, vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokwangua karatasi, hakuna mchwa. Inaandikwa, inasonga.

Saa 2:30

Sahani za kioo. Kabla ya filamu, negativu zilikuwa vioo vilivyopakwa jelatini yenye chembe za fedha, na nyingi bado zipo. Boksi moja la sahani za sentimita 18 kwa 24 ni zito kuliko linavyoonekana, na halibebwi kwa mkono mmoja hata kama una haraka.

Kila sahani inashikwa kingo kwa mikono miwili. Upande unaong'aa ni kioo kitupu. Huo unaruhusiwa kufutwa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo sana. Upande uliofifia ndio picha, na huo haufutwi kwa kitu chochote zaidi ya brashi laini, tena kama jelatini haijaanza kubanduka ukingoni. Kisha inaingia kwenye bahasha ya karatasi yenye mikunjo minne, isiyo na gundi, inasimamishwa kwa ukingo wake mrefu. Ukizilaza moja juu ya nyingine, uzito unapasua ya chini. Iliyovunjika haiungwi kwa selotepu: vipande vinalazwa kati ya kadibodi mbili, kila kimoja na kijukwaa chake, visisuguane.

Mwendo wake ni sahani nane, kumi, mpaka mtu abishe hodi.

Saa 4 hivi

Anaingia ami mmoja na kitu kimefungwa kwenye kanga. Salamu, hali, watu wa nyumbani, mvua ya juzi. Kisha anafungua: fremu ya mbao, na ndani yake bwana harusi na bibi harusi wamekaa studio, nyuma yao pazia lililochorwa nguzo na bustani, pembeni kasimama mtoto. Picha nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi kwa mkono, kama studio nyingi zilivyokuwa zikifanya. Midomo ya bibi harusi imetiwa wekundu, na mkufu wake una vitone vya manjano, vidogo vidogo, kimoja kwa kila ushanga. Mtu aliyeviweka alikuwa na brashi nyembamba na subira.

Nyumba ilivuja. Robo ya chini ya picha imegandana na kioo.

"Nataka itoke kwenye kioo tu. Si kazi kubwa. Ijumaa tuna khitma ya mzee, watoto wataka kopi."

"Ami, hii haitoki leo."

"Kwa nini? Si karatasi hii?"

Hapo ndipo saa nzima inapokwenda. Si karatasi tu. Juu ya karatasi kuna jelatini, ambayo asili yake ni ngozi na mifupa ya wanyama. Ikipata unyevu inalainika na kunata. Ikikauka inabana kioo kuliko inavyoshika karatasi yake. Unaweza kuona kwa macho: palipogandana pamekoza na kung'aa kama pamelowa, na pambizoni mwake kuna mstari wenye rangi za upinde wa mvua. Palipo huru pamefifia kidogo, kwa sababu bado kuna hewa katikati. Ukivuta, karatasi itakuja nyeupe, sura itabaki kwenye kioo.

"Kuna kijana mtaani kasema ataingiza wembe."

Wembe haupiti kati ya kioo na picha, kwa sababu hakuna kati. Unapita ndani ya picha.

"Basi tuiroweke. Picha si huoshwa kwa maji?"

Hili ni swali la mtu mwenye akili, na jibu lake ndilo gumu. Ni kweli, picha ya jelatini isiyo na rangi, mikononi mwa fundi aliyesomea, wakati mwingine hurowekwa ikaachia. Lakini hii imepakwa rangi, na rangi zile ni za maji. Mkufu utatoka kwanza, midomo itafuata, na bibi harusi atabaki kijivu. Na kama jelatini imeshaliwa na koga, inayeyuka yote ndani ya beseni.

"Na friza?"

Friza ni ya picha zilizolowa leo, zikiwa nyingi kuliko unavyoweza kukausha ndani ya siku mbili kabla koga haijaanza. Haigandui kitu.

Ami anakaa. Anampigia mpwa wake simu, anaweka spika. Mpwa anasema kwa sauti ya chumba kizima: "Waambie waskani, dakika mbili tu!" Msomaji aliye meza ya pili, ambaye boksi lake limechelewa kwa ajili ya haya yote, anatazama dari. Mpwa anataka kuzungumza na mkubwa. Mkubwa yuko mkutanoni. Mpwa anauliza kama kuna programu ya simu inayotoa kioo.

Umeme unarudi, na kinachofanyika mwisho wa yote ni hiki. Fremu inalazwa kifudifudi juu ya sponji. Misumari ya nyuma, imeshika kutu, inang'olewa kwa koleo mmoja mmoja bila kuitikisa fremu. Kadibodi ya nyuma, kahawia na inavunjika kama biskuti, inatolewa lakini haitupwi, maana ina namba ya studio kwa penseli. Picha inabaki na kioo chake. Kamera inasimamishwa juu yake, taa mbili kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45, kitambaa cheusi mbele ya kamera chenye tundu la lenzi ili kioo kisirudishe mwanga. Inapigwa mbele, inapigwa nyuma, pamoja na kipande cha rangi za kulinganishia. Faili kuu haiguswi. Ya kutengeneza kopi za khitma inasafishwa mikwaruzo kidogo na kuwekwa kwenye flashi.

Halafu majina, na hii kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi. Picha nzima isiyo na jina ina thamani ndogo kuliko picha iliyoliwa robo yenye majina. Kutoka kushoto kwenda kulia, waliokaa, waliosimama, mtaa, mwaka hata kwa kukisia. Ami anawajua wawili. Mtoto hamjui. Inapigwa simu Wete kwa shangazi, na shangazi anamtaja mtoto, mama yake, na kwamba joho la bwana harusi lilikuwa la kuazima. Yote yanaandikwa kwa penseli laini juu ya bahasha, kabla picha haijaingia ndani. Kalamu ya wino haiingii chumba hiki: inachimba, na wino wake husafiri mpaka upande wa pili.

"Kwa hiyo mmenirejeshea vilevile na kioo chake," anasema ami.

Vilevile, ndiyo. Ndani ya boksi bapa, na maelekezo ya kutoitundika tena kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Nyingine zilizo nyumbani ziwekewe ukingo wa kadibodi nene kati ya picha na kioo, milimita 3 zinatosha, visigusane.

Mchana

Adhuhuri, chai na chapati iliyopoa. Skana inafanya kazi yake: picha ya inchi 8 kwa 10 kwa nukta 600 kwa kila inchi inatoa faili la karibu megabaiti 86, na diski zinajaa upesi kuliko bajeti. Mgongo wa picha nao unaskaniwa, maana mhuri wa studio za zamani za hapa, A. C. Gomes au Coutinho, mara nyingi uko huko. Miguu inauma. Boksi la sahani liko pale pale lilipoachwa.

Baadaye, sijui ni saa nane au imepita, mwanafunzi wa chuo anaonyesha simu yake: "Zanzibar 1850", imeandikwa chini ya picha ya Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu. Anataka kuitumia kwenye kazi yake.

Jengo lile lilijengwa 1883, enzi za Sultani Sayyid Barghash, kwa hiyo 1850 haiwezekani. Ukitazama vizuri, mnara umesimama peke yake mbele ya jengo. Mnara ule uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na jengo lilipotengenezwa mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wake. Picha yenye mnara uliojitenga, ukiwa mzima, ni ya kabla ya siku hiyo. Ukiona milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani, inachomoza majini, ni ya baada yake, kwani ilizamishwa siku ile ile na mabaki yake kuondolewa 1912. Ukiona bustani ya Forodhani imepangwa, umeshafika miaka ya 1930. Tangu sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha hizi zimekuwa vipimo vya ujenzi: nguzo ngapi, baraza lilikaa wapi.

Anauliza kama aandike "1890 hivi". Aandike "kati ya 1883 na Agosti 1896", na sababu yake mstari wa chini yake. Anaandika. Saa 9:30 imeshapita, sahani zilizobaki zinarudi kabatini bila bahasha mpya, na mpwa wa ami anapiga simu tena: flashi haifunguki kwenye simu yake.