Fundi wa Malori Mbele ya Tiger

Treni ya Waterloo, London, kwenda Weymouth hupoteza haraka yake ikishapita Bournemouth. Mimi na mpwa wangu tuliipandia Southampton, anakoishi yeye na mamake, tukiwa na sambusa kwenye mkoba na ubishi ulioanza tangu chai ya asubuhi: katika Vita vya Pili vya Dunia, kati ya Tiger, kifaru kizito cha Mjerumani, na T-34 ya Mrusi, kipi kilikuwa kiboko? Kijana ni Tiger damu. Anajua unene wa chuma cha kila kifaru kuliko anavyojua namba ya simu ya mamake. Mimi miaka yangu nimeimalizia chini ya malori, kati ya Mombasa na Malaba, na chombo chochote kinachotembea nakiuliza swali moja: kikifia njiani, kitatengenezwa na nani, kwa spana gani?

Tukashuka Wool, kituo kidogo cha kijijini huko Dorset. Kutoka hapo hadi jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington ni mwendo wa maili mbili hivi, tukaenda kwa miguu. Njia inapita kando ya kambi ya jeshi, na vibao vinawaonya madereva kwamba vifaru huvuka barabara. Waingereza wamekuwa wakifundishia vifaru hapa tangu 1916.

Tuliichagua siku hiyo makusudi, maana ni mara chache tu kwa mwaka wanawasha Tiger 131. Hicho ndicho kifaru kilichotekwa Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Kilipigwa na vifaru vya Kiingereza vya aina ya Churchill, kombora moja likakwamisha kichwa chake kisizunguke, na waliokuwemo wakakikimbia kingali kizima. Mfalme George wa Sita na Waziri Mkuu Churchill walikwenda kukitazama kulekule Tunis kabla hakijasafirishwa.

Unakisikia kabla hujakiona. Injini yake ya Maybach ya petroli, silinda 12, ilikohoa mara mbili tatu, ikatema moshi, kisha ikashika mngurumo ambao niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Tani 57 zikaingia uwanjani taratibu, zikatembezwa kama mgonjwa aliyetoka wodini jana. Hakuna anayethubutu kukikimbiza. Kwa miaka mingi hicho ndicho Tiger I pekee duniani kilichobaki kikitembea kwa injini. Mpwa alikuwa amenyamaza, jambo la nadra.

Ndani ya ukumbi nilichuchumaa pembeni mwa magurudumu ya Tiger nikaanza kufanya hesabu za gereji. Magurudumu yamepandana, la nje limefunika la kati, la kati limefunika la ndani. Uzito unagawanyika vizuri ajabu na safari inakuwa laini. Lakini likiharibika la ndani, unayafungua kadhaa ya nje kwanza, kwenye baridi, huku unapigwa risasi. Kule Urusi tope liliingia katikati ya hayo magurudumu usiku, likaganda, na asubuhi kifaru kikagoma kusogea. Tena Tiger kilikuwa na minyororo ya aina mbili: mipana ya vitani na myembamba ya kupandia treni, kwa sababu kikivaa ile mipana kinazidi upana wa behewa. Kila safari ya reli ni kubadilisha minyororo, kwenda na kurudi. Nilimwambia mpwa, lori la namna hiyo tajiri yeyote wa Mombasa angelirudisha bandarini siku ya pili.

"Lakini Mjomba, T-34 ingekifanya nini?"

Hapo alikuwa na haki yake. Tiger cha mwaka 1943 kilikuwa na milimita 100 za chuma mbele na mzinga wa milimita 88 uliokuwa ukiitoboa T-34 kutoka umbali unaozidi kilomita. T-34 ya wakati huo, na mzinga wake wa milimita 76, haikuwa na la kukifanya uso kwa uso. Ilibidi ijisogeze karibu mno, itafute ubavu, na njiani humo ndimo vijana wengi wa Kisovieti walimoteketea. T-34 zilizopotea vitani zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Anayeisifu T-34 bila kuitaja hesabu hiyo, mimi simsikilizi.

Tukaifuata. Ukitoka kwenye Tiger, T-34 inaonekana imetengenezwa na watu waliochelewa mahali. Chuma cha kichwa kimebaki na ukwaru wa kalibu, mishono ya kuchomelea imevimba, hakuna aliyepoteza muda kupiga msasa pasipo na kazi. Lakini tazama lile bamba la mbele lilivyolazwa. Unene wake ni milimita 45 tu, ila kwa ulalo wa digrii 60 kombora linalokuja mlalo linakutana na milimita 90. Minyororo mipana, uzito wa tani 26 na ushee kwa zile za mwanzo, na injini ya dizeli ya V-2 yenye silinda 12 na nguvu farasi 500. Ukoo wa injini hiyo ulidumu: T-55 za Libya zilizoletwa kumwokoa Idi Amin mwaka 1979 zilisukumwa na mjukuu wake.

Baba wa T-34, Mikhail Koshkin, ndiye mhandisi wa moyo wangu. Machi 1940 aliondoka Kharkov na vifaru viwili vya majaribio vikitembea vyenyewe hadi Moscow, zaidi ya kilomita 700 katika theluji, ili wakubwa waamini kwamba vinatembea. Safari hiyo ilimwachia nimonia na Septemba mwaka huohuo akafariki. Tunasema kifaru cha Mrusi kwa mazoea tu. Kharkov iko Ukraine. Wajerumani walipokaribia mwaka 1941, kiwanda kilipakiwa kwenye mabehewa kikapelekwa Nizhny Tagil, milima ya Ural, na huko kikaendelea kufyatua.

Sasa, uzuri wa T-34 usitiwe chumvi. Giaboksi ya mwanzo yenye gia nne ilikuwa ngumu hata jirani wa dereva alimsaidia kuvuta wenzo. Wamarekani walipoijaribu kwao Aberdeen, Maryland, mwaka 1942, injini ilikufa kwa vumbi lililopenya chujio la hewa. Kibaya zaidi, kichwani walikaa wawili tu, kwa hiyo kamanda ndiye aliyekuwa pia mpigaji mzinga, na redio za mwanzo walipewa makamanda wa vikosi peke yao. Unatafuta adui, unalenga, unaongoza wenzako, vyote wewe. Mjerumani alikaa na watu watano, kila mmoja na kazi yake, na redio katika kila kifaru.

Hoja hiyo ndiyo iliyotupeleka kwenye kifaru ambacho hapakuwa na foleni mbele yake: Panzer IV, ya Mjerumani vilevile. Watu wanakipita wakikimbilia King Tiger, kaka mkubwa wa Tiger. Nikamuuliza mpwa, kwenye mapigano ya Kursk kule Urusi, Julai 1943, Tiger zilikuwa ngapi? Alijua mwenyewe: hazikufika mia mbili, upande ambao ulikuwa na vifaru zaidi ya elfu mbili. Panther, kifaru kipya cha Mjerumani, zilizoletwa zilikuwa kama 200, na baada ya siku chache zilizokuwa zikitembea zilihesabika. Nyingine injini zilishika moto zenyewe. Mjerumani wa kawaida alipanda Panzer III au IV. T-34 ilipokutana na mpinzani, aghlabu alikuwa huyu aliyesimama pweke hapa.

Mpwa akaanza kupima kwa macho. Panzer IV ya mwaka huo: mbele ya bodi milimita 80, lakini zimesimama wima, kichwa milimita 50 tu, mzinga mrefu wa milimita 75, mkali kuliko ule wa 76 wa T-34. Mnyororo mwembamba. Tani 25. Tukasimama hapo muda mrefu kuliko tuliousimama kwa Tiger.

"Hapa sasa hata sijui nimshike nani," akasema.

Nikampa hukumu yangu: topeni T-34, kuona na kupiga wa kwanza Panzer IV, mpaka mapema 1944 ilipokuja T-34 ya mzinga wa 85 yenye kichwa cha watu watatu na kamanda akapumzishwa kulenga. Kuanzia hapo Panzer IV haina jibu. Akasema Panther ndiyo ilikuwa jibu. Nikamwambia tuzizungumzie basi gia za mwisho za Panther, zile zilizokuwa zikivunjika, na kwenye treni ya kurudi tukazizungumzia mpaka Wareham.